Shingo iliyopinda haikuwa jini: Tuzijue dawa za kuzuia kutapika



Siku moja baada ya Maghrib simu yangu ililia. Alikuwa dadangu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetweta. "Kaka, ndoo upesi. Mtoto ameingiwa."

Nyumba zetu haziko mbali, nikafika kwa miguu. Nilimkuta mpwa wangu, msichana wa miaka 14, amelazwa kitandani. Shingo imepinda upande wa kushoto kama mtu anayelazimishwa kutazama begani, macho yamepanda juu, taya limekaza na ulimi unamtoka. Chumba kimejaa majirani. Mmoja ashawasha ubani, mwingine anasoma, na kijana ashatumwa kumwita mwalimu aje na kombe.

Mimi si daktari. Nina stashahada ya famasia na kazi yangu ni kusimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, mwaka wa 17 sasa. Lakini kitu kimoja kilinishtua. Nilipomwita kwa jina na kumwambia anifinye kidole, alinifinya. Machozi yalikuwa yakimteremka. Mtoto alikuwa anatusikia sote, na kila lililosemwa juu yake mle chumbani alilisikia.

Nikamuuliza mamake, "Leo amemeza dawa gani?" Ikabainika kuwa alikuwa akitapika tangu usiku wa jana. Asubuhi dadangu alimtuma kijana dukani akanunue "dawa ya kutapika". Kijana akapewa vidonge 6 ndani ya bahasha ya karatasi, bila jina la dawa, bila maelezo. Mtoto akameza kimoja asubuhi. Alipoendelea kutapika akapewa viwili adhuhuri, na viwili tena alasiri. Kimoja kilibaki. Nilikitazama maandishi yake nikakijua: metoklopramidi, miligramu 10.

Tulimpakia kwenye tuktuk hadi hospitali. Daktari alisikiliza kisa, akamdunga sindano moja ya mshipa, na kabla ya robo saa kwisha shingo ilikuwa imerudi mahali pake. Mtoto akaomba maji.

Waliokuwa wakisoma hawakukosea, dua ni haki yetu na ni ngao yetu. Kosa lilikuwa kwamba katika chumba kizima hapana aliyeuliza mtoto amemeza nini. Na kosa la kwanza zaidi lilifanyika dukani asubuhi, pale mtu alipouza dawa ya kutapika bila kuuliza nani anatapika, ana umri gani na kwa nini.

Ndiyo sababu nikaona niandike makala haya, uyaweke uyarejelee siku ya haja. Hoja yangu ni moja: hakuna kitu kinachoitwa "dawa ya kutapika" kwa jumla. Kutapika kuna sababu nyingi, kila sababu ina njia yake ya kufika ubongoni, na kila dawa huziba njia moja au mbili tu. Ukiziba njia isiyo, ugonjwa unabaki pale pale na madhara ya dawa yanakuja juu yake.

Moyo unaochafuka si moyo

Sisi watu wa Pwani husema "moyo unanichafuka" au "nasikia kigegezi". Vitabuni huandikwa kichefuchefu. Ukienda hospitali ukakutana na daktari aliyetoka bara, mwambie kichefuchefu. Ukimwambia moyo unachafuka anaweza kuanza kukupima moyo, na si makosa yake.

Na yule anayekuja kaunta akisema "nipe dawa ya kutapika" mimi humtania: "Ya kukutapisha au ya kukuzuia?" Baada ya kicheko ndipo ninapouliza maswali.

Kutapika chanzo chake ni ubongo, si tumbo. Sehemu ya chini kabisa ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, kuna kituo kinachotoa amri ya kutapika. Kituo hicho hupokea habari kupitia milango minne.

Mlango wa kwanza ni tumbo na utumbo. Chakula kilichoharibika, vijidudu au dawa kali vikichokoza ukuta wa utumbo, chembe zilizoko pale humwaga kemikali iitwayo serotonini, nayo huamsha neva ndefu inayopanda hadi ubongoni.

Mlango wa pili ni damu. Karibu na kituo hicho kuna sehemu ndogo ya ubongo isiyolindwa na ule ukuta unaozuia vitu vya damuni visiingie ubongoni. Kazi yake ni kama kuionja damu. Ikionja sumu, dawa au uchafu ambao figo zimeshindwa kuutoa, hupiga kelele, na sauti yake kubwa ni kemikali iitwayo dopamini.

Mlango wa tatu ni sikio la ndani, linalotuweka sawa tusianguke. Chombo kikiyumba, sikio linasema tunakwenda na macho yanasema tumekaa. Ubongo unachanganyikiwa. Hapa kemikali zinazohusika zaidi ni histamini na asetilikolini.

Mlango wa nne ni ubongo wa juu wenyewe: harufu, woga, kumbukumbu, kuona damu. Kuna mgonjwa wa saratani anayetapika kwa kuliona tu lango la hospitali.

Ukishaijua milango hii, dawa zinaeleweka zenyewe.

Dawa za safari

Anayelevywa na bahari au gari anahitaji dawa ya kuziba mlango wa sikio. Kundi hili lina promethazini (Phenergan ni jina lake la biashara), siklizini, sinarizini (Stugeron) na daimenhidrineti (Dramamine).

Hii ya mwisho ina kisa. Mwaka 1947, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, madaktari walikuwa wakiijaribu kwa mgonjwa mwenye vipele vya mzio. Mama yule alikuwa na mazoea ya kuchafukwa na moyo kila akipanda tramu, akaona kwamba akimeza dawa ile safari yake inakuwa ya raha. Mwishoni mwa mwaka huo huo madaktari Leslie Gay na Paul Carliner wakaijaribu kwa wanajeshi waliokuwa wakivuka bahari ya Atlantiki kwa meli, nayo ikafanya kazi. Dawa ya vipele ikawa dawa ya mabaharia.

Kuna pia haiyosini, na hapa watu hukosea sana. Ile iitwayo Buscopan, ambayo wengi wetu tunayo nyumbani, ni ya kulegeza msokoto wa tumbo. Si ya safari. Haiyosini ya safari ni chumvi nyingine yenye jina linalofanana, nayo inaingia ubongoni ilhali ile ya msokoto haiingii sana. Majina yanakaribiana lakini kazi ni mbili.

Dawa za safari humezwa kabla ya safari, nusu saa hadi saa moja kwa nyingi, na sinarizini saa mbili kabla. Ukingoja mpaka umeanza kutapika, kidonge kitatoka na chakula. Karibu zote huleta usingizi, kwa hivyo dereva, nahodha na mwendesha boda asizitumie akiwa kazini. Mwezi wa Ramadhani anayesafiri asubuhi humeza wakati wa daku. Na anayezidiwa njiani, ruhusa ya mgonjwa na msafiri anaijua.

Tahadhari mbili. Promethazini haipewi mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kumzuia kupumua, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali juu ya hilo mwaka 2004. Na mzee mwenye tezi dume au presha ya macho aulize kwanza, maana dawa hizi zinaweza kumziba mkojo au kuipandisha presha ya jicho.

Nusu ya tiba ya safari haina bei. Keti katikati ya chombo ambako hakuyumbi sana, tazama mbali pale bahari inapokutana na mbingu, acha simu, na usipande umeshiba mahamri ya mafuta.

Dawa zinazoziba mlango wa damu

Hapa ndipo ilipo metoklopramidi iliyompinda mpwa wangu. Huuzwa kwa majina mengi, na Plasil ni mojawapo ya yale yanayojulikana zaidi. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na ikitumiwa sawa inasaidia: huizima dopamini na pia husukuma chakula kitoke tumboni kiende mbele. Kwa mtu mzima kipimo ni miligramu 10, si zaidi ya mara 3 kwa siku. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliamua kwamba isitumike zaidi ya siku 5, isivuke miligramu 30 kwa siku, na isipewe kabisa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Kwa watoto wakubwa zaidi iwe ni chaguo la pili, na kipimo chao cha siku nzima kisizidi nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito.

Sasa tufanye hesabu. Mpwa wangu ana kilo 40. Mwisho wake kwa siku nzima ulikuwa miligramu 20. Alimeza 50.

Dopamini haifanyi kazi ya kutapika tu. Ndiyo inayosaidia pia misuli kutulia na kwenda kwa mpango. Ikizimwa ghafla, misuli ya shingo, macho, taya na ulimi inaweza kukaza yenyewe. Hili hutokea zaidi kwa watoto na vijana, na mara nyingi ndani ya siku moja au mbili za kuanza dawa. Linaweza kutokea hata kwa kipimo cha kawaida.

Kwa wazee hatari ni nyingine. Anayeitumia miezi na miezi anaweza kuanza kutafuna bila kutafuna kitu, mdomo unakwenda kama mtu mwenye tambuu, na pengine hali hiyo haiondoki hata dawa ikiachwa. Mwaka 2009 Marekani iliweka onyo kwamba isitumiwe zaidi ya wiki 12. Mwenye ugonjwa wa Parkinson, yaani kutetemeka kwa uzeeni, asiitumie kabisa. Wala asiitumie mwenye utumbo ulioziba, kwa kuwa kuusukuma utumbo ulioziba ni kuuchana.

Prokloperazini (Stemetil) ni ya kundi hili hili na huweza kupinda shingo vile vile. Hutumika sana kwa kizunguzungu cha sikio.

Domperidoni (Motilium) haivuki sana ule ukuta wa ubongo, kwa hivyo kupinda shingo ni nadra. Lakini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mwaka 2014 Ulaya ilisema itumiwe kwa kipimo kidogo na kwa kawaida isizidi wiki moja, na tangu 2019 Uingereza hawaipi watoto wa chini ya miaka 12 kwa ajili ya kutapika. Haichanganywi na baadhi ya dawa, kama antibiotiki ya erithromaisini.

Dawa inayoziba mlango wa tumbo

Ondansetroni iliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kabla yake, wagonjwa wengi wa saratani waliacha matibabu kwa sababu ya kutapika. Dawa hii huziba serotonini, haileti usingizi mwingi wala haipindi shingo kama zile nyingine. Madhara yake ya kawaida ni kuumwa na kichwa na kufunga choo. Mwenye ugonjwa wa mapigo ya moyo amwambie daktari kabla ya kuipata.

Kwa anayepata dawa za saratani, ondansetroni huchanganywa na nyingine, kama deksamethasoni, aprepitanti au olanzapini, kulingana na ukali wa tiba. La kukumbuka ni kwamba huanza kutolewa kabla ya tiba ya saratani kuingia mwilini, si baada ya kutapika kuanza. Kama una mzazi anayepata tiba hiyo na anarudi nyumbani kutapika siku 3 mfululizo, usimwache avumilie. Rudi useme. Mchanganyiko unaweza kubadilishwa, na mgonjwa asiyetapika ndiye anayemaliza tiba yake.

Mtoto anayehara na kutapika: maji kwanza

Kila juma hunijia mama akitaka sharubati ya kumzuia mtoto kutapika. Kwa mtoto anayehara na kutapika, anayemuua ni ukavu wa mwili. Dawa ya kwanza ni ORS na zinki. Shirika la Afya Duniani halipendekezi watoto wenye kuhara wapewe dawa za kuzuia kutapika kama kawaida.

Mama huniambia, "Nampa ORS anaitapika." Nauliza, "Unampaje?" Anampa kikombe kizima. Tumbo lililochokozwa halibebi kikombe. Mpe kijiko kidogo kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi. Mkubwa kidogo apige funda dogo dogo. Baada ya kila choo cha maji, wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, na wa zaidi ya hapo 100 hadi 200. Ziwa la mama lisikatwe. Soma pakiti uone ni ya maji kiasi gani, nyingine ni ya nusu lita na nyingine lita nzima. Ukipunguza maji, chumvi inamdhuru.

Zinki ni kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa aliye chini ya miezi 6.

Kuna mahali pa ondansetroni hapa. Hospitalini, mtoto anayetapika kiasi cha kushindwa na ORS anaweza kupewa dozi moja iliyopimwa kwa uzito wake, na imethibitishwa kuwa wengi huepuka kuwekewa dripu. Lakini ni uamuzi wa aliyempima mtoto, si wa anayeuza akiwa hajamwona.

Na tusisahau malaria. Mtoto mwenye homa anayetapika kila kitu, na dawa ya malaria nayo akaitapika, arudishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hiyo ni hali ya sindano.

Mjamzito

Kuchafukwa na moyo miezi ya mwanzo ni jambo la wengi na mara nyingi huisha mimba ikifika miezi 4 au 5. Historia ya dawa hapa ina mafunzo mawili.

La kwanza ni thalidomaidi. Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957 kama dawa ya usingizi isiyo na madhara, na wajawazito wengi wakaitumia kwa kichefuchefu. Ilipoondolewa mwishoni mwa 1961, watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wamedhurika, wengi wakazaliwa bila mikono au miguu iliyokamilika. Marekani iliponea kwa sababu ofisa mmoja, Dkt. Frances Kelsey, alikataa kuipitisha akidai ushahidi zaidi.

La pili ni kinyume chake. Vidonge vya doksilamini na vitamini B6 viliuzwa Marekani kwa wajawazito tangu 1956. Baada ya woga wa thalidomaidi watu wakavishtaki mahakamani, na mtengenezaji akaviondoa mwaka 1983 ingawa utafiti haukuonyesha kwamba vinadhuru watoto. Mwaka 2013 vikaruhusiwa tena. Miaka 30 wanawake waliteseka kwa woga.

Kwa hivyo mjamzito asimeze chochote cha kuokota, na pia asiambiwe avumilie tu. Aanze na chakula kidogo kidogo, kitu kikavu kabla ya kuinuka kitandani, na tangawizi, ambayo utafiti umeonyesha inasaidia kiasi. Vitamini B6 ni hatua ya kwanza. Ikishindikana, kliniki wana dawa nyingine zinazofaa, miongoni mwao promethazini na metoklopramidi kwa kipimo na siku chache. Ondansetroni katika miezi 3 ya mwanzo ina tahadhari ya mdomo wa mtoto kupasuka, hatari ndogo sana lakini ijadiliwe na daktari.

Asiyeweza kuweka hata maji tumboni, anayekonda, anayekojoa kidogo na mkojo mweusi, huyo hana "mimba inayochagua". Ni mgonjwa wa kulazwa. Na mimba iliyopita miezi 5 ikija na kutapika, kichwa kikali, macho kuona ukungu na maumivu chini ya kifua, mkimbize usiku huo huo. Huenda ni mwanzo wa kifafa cha mimba.

Usinunue dawa, nenda hospitali

Kuna kutapika ambako mimi hukataa kuuza kitu. Anayetapika damu au kitu kama mashapo ya kahawa. Mtoto mchanga anayetapika kijani. Aliyeanguka akapiga kichwa. Mwenye kichwa kikali na shingo isiyoinama. Mwenye tumbo gumu na hapati choo wala upepo. Mwenye sukari anayetapika na kuhema haraka. Mtoto mwenye macho yaliyozama, asiyekojoa, aliyelegea. Mwenye kuhara maji kama ya kuoshea mchele, kwa kuwa kipindupindu tunakijua. Na mtu mzima anayetoka jasho baridi, kifua kimembana na moyo unamchafuka. Huyo wa mwisho huenda ni moyo kweli.

Na mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe kabisa, wala asinyweshwe maziwa ili atapike. Mafuta yakipanda huingia mapafuni, na hapo ndipo panapoua. Mpeleke hospitali na chupa aliyoinywea.

Wakati mwingine tiba ni kuacha dawa nyingine. Vidonge vya damu, metronidazoli na metfomini huchafua moyo. Kuna anayetumia dawa moja ya kuleta kigegezi na ya pili ya kukizuia, na hajui. Lakini usijiachishe dawa ya daktari. Rudi umwambie.

Ukimkuta mtu shingo imepinda

Lugha yetu ina majina ya kutisha kwa mwili unaokaza. Degedege, pepopunda, kupagawa. Nataka uweze kutenganisha.

Anayepatwa na degedege hukutoka: hakusikii, na baadaye hakumbuki. Pepopunda, ambayo ni ugonjwa wa kidonda kilichoingia vijidudu, hukaza mwili kwa siku na siku, na mara nyingi huanza na taya. Aliyepindwa na dawa anakusikia. Mwambie akufinye kidole, atakufinya. Na ukiuliza utakuta amemeza au amedungwa dawa ya kutapika, au ya maradhi ya akili, leo au jana.

Fanya haya. Simamisha dawa hiyo. Zima ubani na moshi wowote, maana taya na koo lililokaza halitaki moshi. Usimtie kitu mdomoni, wala maji ya kombe wala ya bomba, mpaka taya lilegee, asije akapaliwa. Usiivute shingo kuinyoosha. Soma dua ukiwa njiani, lakini uwe njiani. Chukua pakiti au kidonge kilichobaki uende nacho. Dawa ya kulegeza iko hospitalini na kwa kawaida hufanya kazi kwa dakika. Ikiwa hukupindwa na dawa, basi pia umefika mahali pa kutambua ni nini.

Baadaye mwombe mhudumu aripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Raia wa kawaida naye anaweza kuripoti mwenyewe. Na andika jina la dawa ile kwenye kadi au kitabu cha kliniki cha mtoto, ili asipewe tena.

Maswali ya kuuliza kaunta

Ukienda kununua dawa, uliza mambo manne. Dawa hii inaitwaje? Kipimo cha mgonjwa wangu ni kiasi gani, na mwisho wa siku ni vidonge vingapi? Ni ya siku ngapi? Madhara gani nikiyaona niache? Na wewe useme umri, uzito, mimba, maradhi mengine na dawa nyingine anazotumia. Muuzaji akikunja uso, toka uende duka la pili. Vidonge ndani ya bahasha isiyo na jina usivipokee.

Nami nina langu la kukiri. Kabla ya usiku ule nilikuwa nikiuza vidonge hivyo hivyo siku za msongamano bila kuuliza yote haya. Shingo ya mtoto wa dadangu ndiyo iliyonifundisha upya nilichofundishwa chuoni. Siku hizi bahasha haitoki dukani kwangu bila jina la dawa, kipimo na tarehe, hata foleni ikifika barazani.

Mpwa wangu sasa ni mzima. Kilichobaki ni aibu ya kusikia majirani wakisema ana jini, na kwa hilo mamake alizunguka nyumba moja baada ya nyingine akiwa na kile kidonge cha sita mkononi, akiwaonyesha. Mzee aliyekuwa akisoma usiku ule alikitazama, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kinaitwaje ili awaambie na wengine.

Wabillahi tawfiq.